Kazi ya Mungu Haina Makosa: Je, na Yetu?



Liko neno ambalo sisi watu wa Katoro hulisema kila tunaposimama kando ya kaburi: "Kazi ya Mungu haina makosa." Hulisema kwa mzee aliyeshiba siku zake, na kwa kijana aliyefukiwa na kifusi shimoni. Lakini hulisema upesi zaidi kwa mtoto mchanga aliyekufa siku ile ile ya kuzaliwa. Kaburi lake ni dogo, waombolezaji ni wachache, wala hakuna wasifu wa marehemu wa kusomwa. Mmoja wetu husema neno hilo, wengine huitika, kisha tunarudi makwetu.

Siku moja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa mmoja wa hao wachache. Mtoto alikuwa mjukuu wa jirani yangu. Tulipokuwa tukinawa mikono, bibi yake alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mama yake anasema alimwona akifungua mdomo kama anayetafuta pumzi. Wenyewe wameandika kwamba alizaliwa mfu. Sasa niambie, alikuwa hai au hakuwa hai?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Mama, kazi ya Mungu haina makosa." Akanitazama, akanyamaza. Swali lake halijaniacha tangu siku hiyo, na leo naomba tulitafakari pamoja.

Swali lenyewe ni hili: Je, ni haki kumtwika Mungu kifo ambacho mikono ya wanadamu ingeweza kukizuia? Na kama si haki, tumtwike nani?

Kwanza yatupasa kujua jambo linalotokea katika chumba cha kujifungulia. Watoto wengi wakizaliwa hulia na kupumua wenyewe. Lakini yapata mmoja katika kila kumi huhitaji kusaidiwa kidogo. Hupanguswa akauke, husuguliwa mgongo, na wengi huitika. Wachache hawaitiki; hao hupulizwa hewa kwa mfuko wa mpira wenye kikombe kinachofunika pua na mdomo. Hayo yote yanatakiwa yaanze kabla dakika moja haijapita. Wakufunzi wa wakunga wameipa dakika hiyo jina ambalo sisi wa mkoa wa Geita hatuwezi kulisahau: Dakika ya Dhahabu. Na si jina la kupendezesha tu. Watafiti waliokaa na wakunga katika hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, wakiwa na saa mkononi, walikuta kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa kupuliza hewa iliongeza hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu.

Mtoto wa namna hiyo amelegea, hana rangi, halii. Kwa jicho lisilofundishwa ni maiti. Ndiyo maana nawaomba mfikirie kwa makini habari ifuatayo. Mwaka 2009 nchi yetu ilianza kuwafundisha wakunga na wauguzi wa hospitali nane namna ya kuitumia dakika ile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Habari njema. Lakini kulikuwa na tarakimu ya pili. Idadi ya watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu wakati huo huo nayo ilipungua, kwa asilimia 24. Mafunzo yalihusu mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Yangewezaje kupunguza waliokufa kabla ya kuzaliwa? Jibu ambalo wataalamu wamelitoa linatisha: baadhi yao hawakuwa wamekufa. Walikuwa hai, wakasubiri, wakaandikwa wafu.

Kwa hiyo swali la yule bibi halikuwa la mtu aliyechanganyikiwa kwa uchungu. Lilikuwa swali la kweli, tena lililostahili jibu.

Sasa tuendelee kidogo na Haydom, maana hapo pana funzo la pili. Walipotoa semina ya siku moja, wauguzi walifanya vizuri sana kwa mwanasesere wa mazoezi. Lakini watafiti hawakuishia kwa mwanasesere. Walitazama pia kitandani. Wakaona kwamba kwa watoto wenyewe mambo hayakubadilika. Je, ingekuwaje kama hawakutazama? Wangegawa vyeti, wangepiga picha, wangeondoka na furaha, na watoto wangeendelea kufa. Kwa kuwa walihesabu, walijua semina haikutosha. Wakaanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, na vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000.

Mpango huo ulikua, ukafika hata huku kwetu. Kwa miaka kadhaa hadi 2023 ulifanyiwa utafiti katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Mwanza, Shinyanga na Geita. Zaidi ya akina mama 250,000 walijifungua katika vituo hivyo wakati wa utafiti. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wakati wa uchungu na siku ya kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila 1,000, na vifo vya akina mama vilishuka kwa robo tatu. Hayakuwa sawa kila mkoa, na hilo nalo liliandikwa bila kufichwa. Utafiti wa kweli haufichi palipoharibika.

Ndugu zangu, mji wetu unaujua mzani. Mchimbaji akileta punje ya dhahabu dukani, mnunuzi huipima, huiandika, na kama imepungua hata kidogo pana maneno. Lakini mtoto mmoja akipungua, ni nani anayeuliza alipunguaje? Bwana wetu alisimulia habari za mchungaji mwenye kondoo mia, akapotewa na mmoja. Aliwezaje kumtafuta? Alijua kwamba ni tisini na tisa. Kabla ya huruma ya kutafuta palikuwa na uaminifu wa kuhesabu. Daftari la wodi ya wazazi, likiandikwa kwa kweli, ni kazi ya mchungaji yule. Likiandikwa kwa uongo, kondoo amepotea mara mbili.

Hapo baadhi yenu mtaniambia: "Unafungua vidonda. Mama aliyefiwa anahitaji faraja, hahitaji utafiti. Ukimwambia kwamba mtoto angepona, utamuua na yeye." Pingamizi hili ni zito, wala silidharau. Lakini nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba mama huyo tayari anajiuliza. Amekaa usiku kucha akikumbuka ule mdomo uliofunguka. Faraja inayomtaka asiamini macho yake mwenyewe haimfariji; inamwacha peke yake.

La pili ni zito zaidi. Katika nchi hii ya Usukuma, kifo kisichoelezwa hutafuta mwenyewe. Tunajua kinavyofika. Wataulizana mama alikula nini, alimkosea nani, mume ana mke gani mwingine. Kisha macho yatamgeukia mwanamke mzee, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Shinyanga, Mwanza na Geita zimewazika wazee wa namna hiyo, waliouawa kwa mapanga kwa kosa ambalo hawakulitenda. Mara ngapi chanzo kilikuwa mtoto ambaye hakuna aliyeeleza kifo chake? Tunapofunika kifo kwa jina la Mungu, wengine hulifunua kaburi kwa jina la uchawi. Ukweli wa muuguzi aliyefundishwa vema waweza kuokoa maisha ya mtoto, na ya bibi yake pia.

Basi, kama tusimtwike Mungu, je, tumtwike muuguzi? Hapa yatupasa kuwa waangalifu, maana tunaweza kutoka katika shimo moja tukaingia katika jingine. Yuko muuguzi mzembe, anayelala au anayedai chochote kabla ya kumgusa mgonjwa. Huyo ana wa kumjibu, na ajibu. Lakini wengi si hao. Mfikirieni binti mmoja, zamu ya usiku, akina mama watatu wana uchungu kwa pamoja, na mfuko wa kupulizia alifundishwa mara moja tu, miaka sita iliyopita, chuoni. Mtoto halii. Mikono inamtetemeka. Dakika imepita. Sasa ana kalamu mkononi. Akijua kwamba akiandika kweli atatukanwa na ndugu na kutishwa na wakubwa, ataandika nini? Ataandika "mfu." Na uongo huo hautamfundisha yeye wala mwenzake atakayeshika zamu kesho.

Hivyo naona tuna maficho mawili, nayo yanafanana. Kusema "ni Mungu" hutuondolea kazi ya kujifunza. Kusema "ni yule muuguzi" kunatuondolea kazi hiyo hiyo. Njia iliyonyooka ni ya katikati na ni ngumu: kukubali kwamba kosa limetokea, kulitazama bila kumpiga mtu mawe, na kurudi kufanya mazoezi kesho asubuhi. Sisi Wakristo tusione jambo hilo kuwa geni. Kila Jumapili tunaungama yale tuliyoyaacha bila kuyatenda, wala hatufukuzwi kanisani kwa kuungama. Kwa nini wodi iwe mahali ambapo anayeungama ndiye anayeangamia?

Tena kujifunza si ukosefu wa imani. Elisha alipomkuta mtoto wa yule mama Mshunami amelala bila pumzi, aliomba, kisha akajilaza juu ya mtoto, mdomo kwa mdomo. Sala yake ilikuwa na mikono. Kanisa letu lenyewe lililijua jambo hili lilipoanzisha vyuo vya uuguzi, kama vile Mvumi kule Dodoma na Murgwanza huko Ngara.

Tufanye nini basi? Binti au kijana wa usharika huu akichaguliwa chuo cha uuguzi, tumchangie kwa moyo ule ule tunaochangia harusi. Akina baba, msingoje uchungu uanze ndipo mtafute usafiri wa kwenda kituoni. Wajumbe wa kamati za zahanati na vituo vya afya, mkikutana msiulize tu juu ya paa na choo. Ulizeni wauguzi wamefanya mazoezi lini mara ya mwisho, na mfuko wa kupulizia uko wapi. Na siku wakitueleza kwa unyofu kwamba mtoto fulani angeweza kupona, tuwasikilize mpaka mwisho.

Wapo watoto watakaokufa hata baada ya kila jambo kufanywa vema. Hapo tuseme neno letu la zamani, na tutalisema kwa dhamiri safi. Lakini lisiwe neno la kwanza.

Yule bibi angali hai. Kama angeniuliza tena leo ningemjibu: "Mama, sijui. Pole sana. Kesho twende wote tukawaulize."