Tafakuri ya Ramadhani: Haraka ya futari yetu



Jana, dakika 10 kabla ya Magharibi, nilimpigia simu kijana aliyekuwa ananiletea futari kwa pikipiki. "Uko wapi? Adhana hiyo!" Akafika, Alhamdulillah. Akavua glavu anipe mfuko, vidole havikunjuki. Nikamuuliza kama amefunga. Amefunga. Na mimi tende nilikuwa nazo mezani muda wote.

Sisi tuliokulia Pwani tunaijua bodaboda ya jua na vumbi. Hapa London, usiku wa baridi kali, theluji iliyoyeyuka mchana huganda tena jua likizama. Barafu yenyewe nyembamba, huioni, unadhani lami imelowa tu. Ndiyo saa hiyohiyo ya futari! Na hewa ikiwa nyuzi 0, ukienda kilomita 50 kwa saa, upepo unakufanya uhisi kama nyuzi 8 chini ya sifuri.

Utaniambia: nimelipa, ndiyo kazi yake, hakulazimishwa na mtu. Sawa. Lakini wengi wao hulipwa kwa safari, si kwa saa, na simu yangu ilimtaka akaze mwendo. Angeteleza, ningesema ni qadar tu, nikaendelea kula? Kuharakisha kufuturu ni sunna, ila tende na maji vinatosha kuitimiza. Biriani ilikuwa hamu yangu mimi, na hamu yangu haina haki juu ya mguu wa mtu.

Leo nimeagiza mapema, chakula tutakipasha moto. Nimemwandikia mletaji aje taratibu. Tende zake nimezifunga, ziko hapo mlangoni.