Alipoitwa Guy, Akaitika

Asubuhi ya Mei 8, 2006, Guy Goma, mhitimu wa chuo kikuu aliyetoka Brazzaville, alikuwa mapokezi ya BBC jijini London akisubiri usaili. Aliomba kazi ya kusafisha data katika idara ya kompyuta. Kwenye mapokezi mengine alikaa Guy Kewney, mwandishi wa habari za teknolojia, akisubiri kuhojiwa hewani kuhusu hukumu ya kesi kati ya Apple Computer na Apple Corps, kampuni ya Beatles.

Mtayarishaji wa kipindi alikwenda mapokezi siyo. Akamuuliza Goma kama ndiye Guy Kewney, naye kwa kusikia jina lake la kwanza akaitika. Akapelekwa, akapakwa vipodozi, akafungwa maikrofoni, akaketishwa mbele ya kamera. Mtangazaji Karen Bowerman alipomtambulisha kuwa mtaalamu wa teknolojia, macho yalimtoka. Alipoulizwa kama hukumu ile imemshangaza, alisema imemshangaza sana, maana alipofika aliambiwa ana usaili. Kisha akaendelea kujibu, kwa adabu, mambo ya kupakua muziki kwenye intaneti.

Watu wengi wameicheka picha ile. Mimi kila nikiitazama huona mtu mwenye shida ya kazi, anayejitahidi asiwaudhi wenyeji wake. Kosa la kumchukua asiyehusika lilikuwa lao. Lakini tuziangalie dalili zilizopita mbele yake, kwa sababu zinaweza kupita mbele yetu pia. Jina la ukoo lililotajwa halikuwa lake. Mwombaji wa kazi ya data hapakwi vipodozi wala hafungwi maikrofoni. Maswali nayo hayakugusa kazi aliyoomba, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba jambo hilo lilimtatiza. Kila dalili ilikuwa nafasi ya kusema, "Samahani, mimi ni Guy Goma, nimekuja kwa usaili."

Kwa nini hatusemi? Tumelelewa kutomkatiza mkubwa kauli. Tena mtafuta kazi huhofu kwamba akiuliza ataonekana hajui, au msumbufu. Basi tunaitikia "ndiyo" kwa swali ambalo hatukulisikia vizuri, tunajibu kitu kingine kabisa, na wasaili wanaandika kwamba hatuielewi kazi. Ndugu msomaji, kuuliza si utovu wa adabu. "Naomba unifafanulie, unataka nieleze uzoefu wangu au mpango wangu?" Swali kama hilo linaonyesha mtu makini.

Na ukishalielewa swali, ujibu kwa kazi uliyokwisha kuifanya. Tukiambiwa tujieleze, wengi wetu huanza na mahali tulipozaliwa na shule ya msingi, dakika zikaisha. Kwa nafasi kama ile ya Goma, ningependa mwombaji aseme: "Nilikuta orodha ya wateja ina majina yanayojirudia na simu zilizokosewa, nikaipanga hivi, na baada ya hapo ankara zikaacha kwenda kwa watu wasiohusika." Hapo thamani yake inaonekana bila yeye kujisifu. Lakini maneno hayo hayaji yenyewe mbele ya meza ya wasaili. Yaandae nyumbani, uyatamke kwa sauti mbele ya rafiki atakayekukosoa.

Goma alifanyiwa usaili wake halisi kama dakika 20 tu baada ya kutoka studio. Kazi hakuipata. Sitasema aliikosa kwa sababu ya mkasa ule, ila najua hakuna anayetoka kwenye mshtuko kama huo akiwa ametulia. Ukipatwa na jambo la kukutikisa, gari likikuharibikia njiani au ukapokea simu ya msiba, waambie wasaili kabla hujaketi. Omba dakika chache, au omba siku nyingine. Usiingie na kutetemeka ukitumaini hawataona.