Mwanangu, Usishindane na Bolti

Mwanangu, weka hiyo spana chini, njoo ukae hapa karibu yangu. Nimekutazama tangu asubuhi umeinamia ile injini. Umechomeka bomba kwenye mpini wa spana ili upate nguvu, unavuta mpaka mishipa ya shingo imekusimama. Moyo wangu umeshtuka. Njia hiyo nimeipita, na inakoishia nakujua.

Bolti iliyoganda haina haraka. Haraka ni yako. Kutu iliyoingia kwa miaka kumi haitoki kwa mvuto mmoja.

Nilipokuwa na umri kama wako, nililetewa pikapu ya mvuvi. Ekzosi ilikuwa inavuja pale manifoldi inapoungana na hedi. Bolti zote zilitoka isipokuwa moja, ya spana namba 12. Nikaongeza bomba kama ulivyofanya wewe. Ikaanza kuzunguka, laini, kimya. Nikafurahi. Mara, tak! Kichwa kikabaki ndani ya boksi la spana, mwili ukabaki ndani ya hedi.

Ulaini ule ndio nataka uukumbuke hata nikiwa kaburini. Bolti inayofunguka hulia: hutoa mlio mmoja mkavu, kisha hukwaruza. Bolti inayotaka kukatika hunyamaza, ikavutika mkononi kama mpira. Chuma kikinyamaza, mwanangu, kinaaga.

Basi nakusihi, ukiisikia inavutika, acha palepale. Irudishe nyuma, iongeze mafuta. Kidogo mbele, kidogo nyuma.

Mimi sikuacha. Nilikasirika, nikakimbilia drili, nikatoboa pembeni badala ya katikati. Nikaingiza kile chuma cha kutolea bolti zilizokatika, nikakivuta kwa hasira, nacho kikakatikia humohumo. Chuma kile ni kigumu mno kwa drili ya kawaida. Huwezi kukitoboa, utamaliza drili zako zote na chenyewe kitakutazama tu.

Ikabidi hedi yote ishushwe, ipelekwe kwa wachonga vyuma, na gasketi mpya inunuliwe. Kazi ya mchana mmoja ikala wiki mbili. Yule mvuvi hakunitukana. Kila jioni alikuja, akakaa juu ya tairi bovu, akaitazama pikapu yake, akaondoka bila neno. Laiti angenitukana. Hasira ya fundi hulipwa na tumbo la mwenye gari.

Kwa hiyo nisikilize, mjukuu wa baba yangu. Sugua kutu kwa brashi ya waya. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, kisha gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, taratibu, mara nyingi. Mtikisiko ndio unaoyafungulia mafuta njia. Halafu nenda ukalale. Usiku nao ni fundi, na haudai ujira.

Ukirudi, tumia boksi la kona sita, lisukume mpaka likae sawasawa. Lile la kona kumi na mbili hushika kwenye ncha tu, na litaimega bolti yenye kutu kichwa hadi kiwe duara.

Ikikataa bado, ipashe moto. Lakini moto una adabu yake. Hedi nyingi za siku hizi ni za alumini, na alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ndiyo maana tundu hulegea na bolti ikaachia. Ila alumini haikuonyi. Chuma huwa chekundu kabla hakijayeyuka; alumini hufika joto la kuyeyuka ikiwa na rangi yake ileile, ikamwagika mbele ya macho yako. Ipashe kidogo, kisha jaribu. Na nakuomba, futa mafuta yote kwanza, uangalie mpira wa petroli uko wapi. Nguo huvuliwa, ngozi haivuliwi.

Na ikikatika, usikasirike juu ya kosa. Kama kisiki kimechomoza, toa waya za betri, chomelea nati juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe hupasua kutu. Ngoja ipoe, ndipo uizungushe nati polepole. Kama imekatikia ndani, vaa miwani, gonga alama katikati kabisa, anza na drili nyembamba, kisha panda saizi moja moja. Katikati, mwanangu. Katikati. Ukienda upande umekula nyuzi za hedi, na hizo hazioti tena.

Sisi wa pwani tuna mtihani zaidi, maana hewa yetu ina chumvi. Ukiona unga mweupe kuzunguka bolti ya chuma kwenye alumini, jua wameanza kulana. Hapo ongeza subira mara mbili.

Sasa funika injini. Nyunyizia ile bolti kwa mara ya mwisho leo. Mpigie mwenye gari, umwambie ukweli kwamba litachelewa siku moja. Atanung'unika, lakini manung'uniko ya siku moja ni mepesi kuliko ukimya nilioubeba mimi.

Kesho alfajiri nitakuwa hapa. Utashika spana wewe, nami nitatega sikio. Tutaisikiliza pamoja mpaka ilie.