Kodi Hununua Nini?

Desturi mpya imeingia nchini mwetu, nayo yaenea upesi. Wenye nyumba wengi, katika Dar es Salaam, Arusha, Unguja na kwingineko, huzipangisha kwa siku mbili tatu, pamoja na vitanda na vyombo vyote vilivyomo. Jamaa wanaokwenda arusini au mapumzikoni hupata mahali pa kulala pamoja na kupika chakula chao. Jambo hili ni jema, wala hatuna neno nalo.

Lakini malalamiko nayo si haba. Walioandikishwa wanne hulala kumi. Palipokatazwa tumbaku, godoro hukutwa limetobolewa kwa moto wa sigara. Muziki hulia hata usiku wa manane, majirani wasilale. Siku ya kuondoka sufuria huachwa na ukoko, na taulo zimetumika kufutia viatu. Mgeni akiulizwa hujibu neno moja: “Nimelipa.” Basi, na tulipime neno hilo. Aliyelipa amenunua nini?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alipofundisha juu ya riba, alipambanua vitu vya namna mbili. Viko ambavyo kuvitumia ni kuvimaliza, kama divai na ngano. Viko vingine ambavyo hutumika navyo vikabaki, kama nyumba. Kwa hiyo mtu aweza kwa haki kumwachia mwenziwe matumizi ya nyumba na kupokea kodi, huku nyumba ikibaki mali yake. Hapa ndipo jibu lilipo. Mpangaji amenunua matumizi, hakununua nyumba. Na masharti aliyoyakubali ndiyo mipaka ya matumizi hayo. Anayeiharibu ameifanya kama divai, amemaliza kitu ambacho hakuuziwa. Hilo si kosa la adabu tu. Ni kosa la haki, nalo ladai malipo.

Wala mipaka hiyo si ukali mtupu. Huko Orinda, California, usiku wa Oktoba 31, 2019, watu 5 waliuawa kwa risasi katika karamu iliyofanywa ndani ya nyumba ya kupanga ya namna hii, ambayo mwenyewe alikuwa amekataza karamu.

Wengine watasema: “Mbona tumetozwa pia fedha za usafi?” Ni kweli. Lakini fedha hizo hulipia kazi ya kawaida: kubadili mashuka, kufagia, kupiga deki. Mara nyingi mgeni hutoka saa 4 asubuhi, na mwingine huingia saa 8 mchana. Katikati ya saa hizo yumo mama mmoja mwenye ndoo na fagio, ambaye mgeni hatamwona kamwe, na ambaye ujira wake hauongezeki kwa kuwa uchafu umeongezeka. Mzigo wa jeuri yetu humwangukia yeye.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Yampasa mwenye nyumba kutaja masharti kabla ya kupokea fedha, tena yawe machache. Uchakavu wa kawaida asiugeuze kuwa deni, maana kodi imekwisha kuulipia. Godoro lililobonyea kwa miaka mingi si kosa la mgeni wa jana. Kikivunjika kikombe, deni ni kikombe. Tena akikosewa, aseme. Wengi wetu huona haya kumwonya mgeni, kisha akiisha kwenda zake twamsengenya mtaa mzima. Huo si ukarimu. Wazee waliosema mgeni siku ya tatu apewe jembe hawakumfukuza. Walimkumbusha kwamba naye ana wajibu katika nyumba iliyompokea.

Kwa hiyo twawasihi wazazi. Kabla ya kurudisha ufunguo, baba, mama na watoto wapite chumba kwa chumba. Vyombo vioshwe, taka zitolewe, na kilichovunjika kitajwe na kulipwa kabla mwenyewe hajauliza. Mtoto aliyezoea kutunza kitanda kisicho chake hatahitaji mlinzi siku atakapokabidhiwa mali ya kijiji au ya taifa.