Saa ya marehemu babu: ni mali yetu ao ni amana?

Mu nyumba nyingi za Lubumbashi kuna bado saa ya mkono iliyoachwa na babu, ile isiyojua betri: mtu anaikaza asubuhi kwa vidole, inatembea mpaka kesho. Wengi tunasema: «Inatembea vizuri, fundi wa nini?» Hapa njo tunapenda kuuliza: mwenye kurithi kitu ana haki ya kukitumia mpaka kiishe, ao ni mlinzi tu?

Tuangalie kwanza ndani ya saa. Katika saa nyingi za zamani, kagurudumu kanakoenda na kurudi kanapiga mara 18.000 kwa saa moja, ni kusema mara 5 kila sekunde, na mara 432.000 kwa siku. Ncha zake nyembamba zinazunguka ndani ya vijiwe vya rubi vyenye tone dogo la mafuta. Miaka ikipita, mafuta yanakauka ao yanashikana na vumbi. Saa haisimami siku ile. Inaendelea kutembea, lakini chuma kinakula chuma. Njo maana mafundi wengi wanashauri kuifungua, kuisafisha na kuitia mafuta mapya kila miaka 3 mpaka 5, hata kama haijachelewa.

Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa saa ni vibaya zaidi. Ukuta unajengwa upya, lakini kipande ambacho kiwanda kiliacha kutengeneza, mara nyingi kinapatikana tu kwa kuvunja saa nyingine.

Mtu atatujibu: telefone inaonyesha saa, na minerval ya watoto inangoja. Ana haki. Hatusemi mtoto afukuzwe masomo juu ya saa. Lakini asiye na pesa ya fundi anaweza kufanya jambo moja lisilolipwa: asiikaze tena, aiweke pahali pakavu mpaka pesa ipatikane. Saa iliyolala haiharibiki mbio sawa ile inayotembea kavu. Anayeivaa kila siku bila kuitunza, huyo anakula sehemu ya mjukuu.

Basi, kabla ya kuvaa saa ya marehemu, tuulizane: fundi aliifungua mwaka gani? Kama mu nyumba hakuna anayejua, siku yake imekwisha kufika.