Msimenye Kitunguu kwa Hasira

Wajukuu zangu,

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni kwa mmoja wenu. Sitamtaja, mwenyewe anajijua. Kijiko kiliniponyoka kikaangukia kwenye ndoo ya taka, nikainama kukitoa, nikakuta ndoo imejaa maganda ya vitunguu. Nikachukua moja nikaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nje lilikuwa ganda kama maganda mengine, jekundu, jembamba, linavunjika kama karatasi. Ndani lakini lilikuwa limebeba nyama nene nyeupe yenye mistari ya zambarau, na bado inatoa maji. Nikachukua la pili, la tatu. Yote yalikuwa hivyo. Chini kabisa mwa ndoo kulikuwa na vitunguu kumi na viwili vidogo, vikubwa kidogo kuliko gololi, havijaguswa na kisu. Nilipouliza nikajibiwa: "Bibi, hivyo vinachosha. Kuvimenya ni kupoteza muda."

Jibu hilo ndilo lililonikalisha kitako kuandika. Nimewaona wengi wenu mkimenya vitunguu vidogo, na nimeona jinsi mnavyovishika. Mnavishika kwa hasira. Kisu kinapita shingoni, kinapita kitakoni, kidole kinazama, tabaka mbili zinang'oka pamoja na ganda, kinachobaki kinatupwa kwenye bakuli kama mtu anayelipa deni asilolikubali. Hasira hiyo inawala, nanyi hamjui inawala kiasi gani.

Nimefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka 31, kwa hiyo nivumilieni nipige hesabu kidogo. Chukueni kitunguu kikubwa chenye upana wa sentimita 8. Ukimenya kwa pupa ukaondoa milimita 3 za nyama kukizunguka, kinabaki na upana wa sentimita 7.4, nawe umetupa kama sehemu moja ya tano ya chakula. Si haba, ila unaweza kuvumilia. Sasa chukueni kidogo chenye upana wa sentimita 3. Pupa ni ileile, na milimita ni zilezile 3. Kinabaki na upana wa sentimita 2.4. Zidisheni 2.4 yenyewe mara tatu mtapata 13.8, zidisheni 3 yenyewe mara tatu mtapata 27. Umetupa nusu ya kitunguu! Ganda lenyewe, lile la karatasi, halina hata uzito wa kuhesabu.

Na ni nani anayenunua vitunguu vidogo? Sokoni muuzaji anachambua gunia, vikubwa anavipanga mbele, vidogo anavipigia fungu pembeni kwa bei ya chini. Analichukua fungu hilo mama ambaye hela yake haikufika kwenye vikubwa. Akifika nyumbani akamkabidhi binti mwenye haraka, nusu ya fungu inaishia kwenye ndoo. Ile nafuu aliyoipata kwa muuzaji imechukuliwa na kisu cha mwanawe mwenyewe. Hili linaniuma, wajukuu zangu, na ndiyo sababu sioni aibu kuandika barua nzima juu ya maganda.

Msidhani kitunguu kidogo ni kigonjwa. Kiwe kimelimwa Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, kiwe cha Singida, kiwe kimetoka Ruaha Mbuyuni wanakopanga vitunguu kando ya barabara kuu, kidogo na kikubwa vilikuwa miche ya kitalu kimoja. Kimoja kilipata nafasi, kingine kilibanwa na jirani zake au maji yalichelewa kukifikia. Viko pia vya aina ambayo kwa asili ni vidogo, viwili vitatu vimeshikana kitako kimoja. Hivyo vikaangalieni kwa heshima, maana utamu wake kwenye mchuzi ni wa peke yake.

Ugonjwa una alama zake. Vitunguu vingi hufika mjini kwenye lumbesa, gunia limeongezewa kichwa likashonwa kwa kamba, na vya chini vimebeba uzito wa wenzao njia nzima. Bonyezeni shingo. Ikiwa ngumu, kitunguu kizima. Ikibonyea na kutoa maji yenye harufu, kioneni kimekwisha, msikichanganye na wenzake. Ule unga mweusi mnaouona kati ya maganda ni ukungu. Kama umekaa kwenye ganda tu, ondoeni ganda, osheni kitunguu, osheni na mikono. Kama umeingia kwenye nyama na nyama imelainika, tupeni bila kusita. Sikatazi kutupa. Nakataza kutupa kilicho kizima.

Sasa kumenya kwenyewe. Kama vitunguu vitapikwa vizima, chemsheni maji, kateni shingo peke yake, vitieni kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja tu, kisha vihamishieni kwenye maji baridi. Msivisahau humo: vikikaa sana, tabaka la nje linaiva na kuteleza pamoja na ganda, mkarudi kulekule kwenye hasara. Vikipoa, kwaruzeni mizizi, minyeni kidogo upande wa kitako, na ganda linavuka lenyewe. Kitako msikikate chote. Ndicho kinachoyashika matabaka yote. Ukikiondoa, kitunguu kinafunguka sufuriani kama mkeka uliokatwa kamba.

Kama mnavitaka vya kukata na kukaanga, maji ya moto hayafai, maana nje kunakuwa kumeiva na kulowa. Vilowekeni na maganda yake kwenye maji ya kawaida nusu saa, ganda lilainike lisivunjike vipande vipande. Chaneni ganda kwa ncha ya kisu, mstari mmoja kutoka shingoni hadi kitakoni, ganda tu, kisu kisizame. Halafu bambueni kwa dole gumba taratibu, kama mnavyomvua mtoto aliyelala nguo yake. Mkimaliza vikausheni kwa kitambaa.

Na dole gumba ndilo la kuangaliwa. Lenu zima, langu la kushoto lina kovu tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Kitunguu kidogo ni duara na kinateleza. Nilikiweka kwenye kibao kikiwa kizima, kikabingirika, kisu kikaja juu ya kidole. Tangu siku ile sikati kitunguu kidogo kabla sijakipasua katikati kutoka shingoni hadi kitakoni nikakilaza kwa tumbo lake. Nawaona mnaziiga zile video za simu, mtu anakata mbio mbio hata kisu hakionekani. Yule ameifanya kazi hiyo kila siku kwa miaka. Anzeni polepole, na kisu kiwe kikali. Kisu butu hakikati, kinasukuma, na kinachosukumwa ndicho kinachoteleza.

Kisu kikali kinapunguza hata machozi. Kitunguu kizima hakina cha kukuliza. Ukikikata, chembe zake hupasuka, na vitu vilivyokuwa vimetengwa humo ndani vinakutana: vimeng'enya upande huu, viini vya salfa upande ule. Hapo hutoka gesi inayopanda hadi machoni. Ikigusa unyevu wa jicho inawasha, na jicho linajiosha. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kiko kimeng'enya maalumu kinachoitengeneza gesi hiyo, mbali na kile ambacho watu walidhani kinafanya kazi yote peke yake. Kisu butu huponda chembe nyingi kuliko kinavyokata, na gesi inaongezeka. Vitunguu vilivyokaa kwenye baridi kidogo kabla ya kukatwa hutoa gesi polepole zaidi. Kaeni mahali penye upepo, na msijipanguse macho kwa mkono uleule.

Nilijifunza haya nikiwa na miaka kumi na mitatu, Tanga, mkesha wa harusi ya binti wa shangazi yangu. Uani palitandikwa mikeka, katikati likamwagwa gunia la vitunguu, sisi wasichana tukakaa kulizunguka, kila mmoja na kisu na bakuli lake. Vikubwa vilikwisha mapema kwa sababu kila mkono ulivikimbilia. Vikabaki vidogo. Wenzangu wakaanza kwenda kunywa maji na hawarudi. Mimi nilibaki, ila nilibaki nimenuna, namenya kama ninavyowasimulia, tabaka mbili mbili, nataka kumaliza nikapakwe hina. Nilimaliza wa kwanza katika waliobaki nikajiona hodari.

Shangazi alikuja na taa ya chemli. Hakusema neno. Alichutama mbele ya rundo langu la maganda akaanza kulichambua, ganda huku, nyama kule, polepole, huku wanawake wengine wakiendelea na hadithi zao. Alipomaliza alikuwa na sinia iliyojaa. Akaniambia nimfuate dukani kwa jirani aliyekuwa na mizani, akapima: kilo mbili na nusu. Akarudi, akaviosha, akavikaanga kwa mafuta kidogo mpaka vikalainika, akatia dagaa, pilipili mbichi, akamalizia kwa tui la nazi. Usiku ule wasichana wote tuliokuwa uani, kumi na mmoja, tulikula wali kwa mchuzi ule tukashiba. Alinipakulia wa kwanza, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, chumvi imekolea?" Nilishindwa kujibu. Nilikuwa nakula nilichokitupa, nacho kilikuwa kitamu.

Hakunigombeza hata mara moja kwa siku ile, hadi anaondoka duniani. Mimi sina subira yake, ndiyo maana nasema.

Vile vitunguu vyetu vya harusi vilikwenda kwenye biriani, na hapo pia nina neno. Vitunguu vya biriani vikatwe vyembamba na sawasawa. Vikiwa vinene hapa vyembamba pale, vyembamba vitaungua kabla vinene havijaiva, na uchungu wa vilivyoungua hauondolewi na maziwa lala wala nyanya, utaufuata wali mpaka mezani. Vitieni kidogo kidogo kwenye mafuta, maana mkijaza sufuria vitachemka badala ya kukaangika. Viopoeni vikiwa na rangi ya dhahabu, kabla hamjaridhika na rangi. Vitaendelea kuiva vyenyewe kwa joto lililobaki ndani yake, na mkisubiri mpaka virembeke sufuriani mtavikuta vyeusi kwenye sinia. Tandazeni, msivirundike.

Wanaosaga kitunguu kibichi kwenye blenda ili wakwepe kumenya vizuri na kukata, wajue wameuongeza ukali wake. Uji ule unahitaji kukaangwa muda mrefu mpaka maji yakauke na harufu ya ubichi iishe, la sivyo mchuzi wote utanuka kitunguu kibichi. Muda mliouokoa kwenye kisu mtaulipa kwenye mwiko.

Vya kachumbari vikateni vyembamba, nyunyizeni chumvi, vikandeni kwa vidole, visuuzeni kwa maji mara mbili, kisha ndipo mtie ndimu. Hilo mnalijua.

Jambo moja naomba lisipuuzwe kwa kuwa linamhusu asiyeweza kujisemea. Makombo ya kitunguu, mabichi au yaliyopikwa, msimpe paka wala mbwa. Kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu yao, mnyama anadhoofika siku chache baadaye na mwenye nyumba hajui kilichomsibu. Mnawamwagia paka mchuzi uliobaki kwa huruma, nami nimewaona. Wapeni samaki mtupu.

Na vile kumi na viwili nilivyoviokoa kwenye ndoo? Niliviosha nikaondoka navyo kwenye mkoba wangu. Siku ya pili nilivitia maji ya moto, nikavimenya nikiwa nimekaa kibarazani, ikanichukua muda wa kusikiliza taarifa ya habari. Nikachanja alama ya msalaba kwenye kila kitako, kina chake kama cha ukucha, ili moto uingie hadi kwenye kiini na moyo wa kitunguu usichomoke. Nikavipanga kwenye sufuria pana, tabaka moja, mafuta kijiko kimoja, moto mdogo, naitikisa sufuria badala ya kuvikoroga, mpaka vikapata madoa ya hudhurungi pande zote. Nyama ya ng'ombe ilikuwa imekwisha kulainika na tangawizi na thomu. Nikavitia humo, nikatia maji ya ukwaju na pilipili manga, nikafunika. Baada ya dakika ishirini nilichomeka kijiti kwenye kimoja, kikapita bila kukwama, nacho kilikuwa bado mviringo, hakijafumuka. Nikaepua.