RAMADHANI 16: Kuzunguka bila muongoza ndege



Wiki hii sijaonekana msikitini na baadhi yenu mmeulizia, Allah awalipe. Nimeteguka mguu. Basi mchana, nikishamaliza juzuu yangu, huwa nafungua kompyuta narusha ndege ya kwenye programu. Najua kuna watakaosema, mtu mzima na michezo mwezi mtukufu! Haya, nisameheni, ila humo ndimo nilimoshikwa.

Uwanja wa ndege ukizidiwa, rubani huambiwa asubiri hewani. Ndege haiwezi kusimama kama daladala kituoni, kwa hiyo inazunguka. Heathrow kule London wana sehemu nne za kusubiria hivyo, ndege zimepangwa moja juu ya nyingine kwa futi 1,000, ya chini ikitoka za juu zinashuka. Mzunguko wenyewe una umbo la uwanja wa riadha: dakika 1 kwenda, dakika 1 kugeuka, dakika 1 kurudi, dakika 1 kugeuka tena. Upepo ukikusukuma, hesabu inaharibika, na mzunguko unaofuata inabidi uirekebishe.

Sasa mie narusha bila muongoza ndege. Hakuna sauti redioni, hakuna ndege nyingine angani. Najipangia mwenyewe. Juzi nilijipangia mizunguko 3. Wa pili upepo ukanipeleka kombo, nikachoka, wa tatu nikauacha nikatua. Halafu kwenye kidaftari changu nikaandika: mizunguko 3.

Nikabaki naitazama ile 3. Kuacha kuzunguka si kosa, ni mchezo tu. Lakini kidaftari kile hakisomwi na mtu yeyote duniani. Sasa nilikuwa namdanganya nani? Tena nimefunga!

Usiku wake nikaswali tarawehe peke yangu, nimekaa kitini. Rakaa 8. Kumaliza, natazama saa: dakika 14. Nyuma ya imamu wetu tunakaribia saa nzima, na husikii nikilalamika.

Hapo ndipo nilipoogopa kidogo. Mbona kwenye funga siko hivi? Adhuhuri natia udhu, koo limekauka, maji yako mdomoni, niko peke yangu bafuni, na nayatema yote. Wala sifikirii mara mbili. Tone la maji nalilinda, rukuu siilindi. Nadhani sababu ni kwamba funga tangu utotoni nimeijua ni baina yangu na Mola wangu, hakuna wa kunifungia. Swala nimezoea kubebwa. Imamu akikaa kwenye sijda, nami nakaa.

Je, ina maana swala zangu za msikitini zilikuwa za kuwaonyesha watu? Nimeliwaza sana hilo, na sikubali. Swala ya jamaa ina fadhila mara 27 kuliko ya peke yako, na kusaidiwa na wenzako si riya. Shetani angependa sana niamini hivyo, nikate tamaa na msikiti pia. Ila muongoza ndege hashiki usukani, yeye hutoa maelekezo tu. Kama akinyamaza nami siwezi kuzunguka sawasawa, basi urubani sikuwahi kujifunza.

Mnamkumbuka yule bwana aliyeswali harakaharaka, Mtume (s.a.w.) akamrudisha akaswali upya, mpaka mara tatu? Alibahatika kuwa na wa kumrudisha. Chumbani kwangu hakuna.

Kidaftari nimekirekebisha, nimeandika 2. Na jana usiku nimeiweka simu sebuleni, saa nikaigeuzia ukutani. Sijui nilitumia dakika ngapi. Rakaa ya tano akili ilikimbia, nikairudisha.

Mguu unaendelea vizuri, inshaallah Ijumaa tutaonana.

Wabillahi tawfiq.